Kaka Yangu Aliomba Chai

Mwanangu alizaliwa hapa Maryland, Marekani, na akalia mpaka nesi akachoka. Alikataa titi, akakataa chupa. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka magharibi mwa Kenya kunisaidia uzazi, akampakata na kuanza kumtajia majina ya marehemu wetu, moja baada ya jingine, kama ilivyo desturi. Alipotaja la kaka yangu, mtoto akanyamaza, akanyonya. Nesi alidhani tunasali. Jina likawa lake.

Tangu hapo nilimwita kaka, naye alipojua kusema akaniita dada. Kwetu, mtoto anayepewa jina la mtu hurithi heshima zake na utani wake pia. Kiswahili kingine chote alikiacha alipoanza shule. Anakielewa vizuri, hasa akigombezwa, lakini hujibu kwa Kiingereza. Likabaki neno hilo moja tu.

Kaka yangu alikuwa mchezaji wa raga. Jumamosi moja aligongwa kichwa, akainuka, akamaliza mechi, watu wakamsifu kwa uanaume wake. Akarudi nyumbani kwa miguu, akaketi jikoni akaniambia, "Dada, nitengenezee chai, tangawizi iwe nyingi." Nilipogeuka na kikombe alikuwa ameegemeza kichwa mezani. Hakukiinua tena. Mpaka leo sinywi chai ya tangawizi, na katika nyumba yetu ya hapa Bladensburg haijawahi kupikwa. Mwanangu nilimwambia tu kwamba mjomba wake alikufa kijana. Habari ya chai sikumpa mtu yeyote, hata mume wangu.

Kwa hiyo chuo chake, kule upande wa Virginia, kilipomchukua, mwaka wake wa mwisho, kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani, nilikasirika wiki nzima. Nilipika huku nikibamiza masufuria. Mume wangu akacheka.

"Mama watoto, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hawa wanavaa helmeti, relax."

Yeye alishabandika bendera ya chuo kwenye gari na kutuma picha za kijana kwenye grupu la kanisa. Mimi nilipokea hongera za watu nikiwa nimekunja uso.

Timu yenyewe ilikuwa bure kabisa. Ilifungwa Septemba yote, ikashinda mechi moja kwa bahati, ikafungwa tena. Kila walipocheza nyumbani tulisimama kwenye maegesho ya uwanja pamoja na wazazi wengine, wao wakichoma soseji, sisi tukigawa chapati. Sehemu hiyo niliipenda, sikatai. Kisha timu iliingia uwanjani mbio, na moyo wangu ulianza kazi.

Kazi ya mwanangu ilikuwa kumwangusha mwenye mpira. Akishavaa helmeti uso wake ulipotea, ukabaki mwendo tu, bega la kushoto likitangulia. Mwendo ule haukuwa wa mume wangu wala wangu. Niliujua tangu udogo wangu. Niliogopa, na niliona haya kuogopa mtoto wangu mwenyewe.

Oktoba, majani yakishaanza kuwa mekundu, aligongana na jitu moja la timu ya wageni. Akaanguka, akainuka, watu wakapiga makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyoninyanyua kitini. Nilishuka ngazi, mlinzi akataka kunizuia, nikamtazama tu akanipisha. Ndani ya hema la pembeni daktari wa timu, mwanamke mpole, alikuwa akimmulika macho. Akaninyooshea kidole na kumuuliza mimi ni nani.

"She's my sister," mwanangu akasema.

Daktari akanigeukia. Nilitaka kucheka, nieleze. Ndipo mwanangu akainamisha kichwa akasema kwa Kiswahili kinyoofu ambacho sijawahi kukisikia kinywani mwake: "Dada, nitengenezee chai."

Nilimwambia daktari, "Mimi ni mama yake," wala sikumweleza desturi yetu.

Alimsimamisha kucheza. Baada ya wiki chache mwanangu alikuwa anaendesha gari, anakula vizuri, vipimo vyake vinaridhisha. Lakini daktari bado hakumruhusu. Alisema hawezi kumrudisha uwanjani kwa haraka kijana aliyeshindwa kumtambua mama yake. Na ilikuwa imebaki mechi ya mwisho, ambapo wanaomaliza chuo huingia uwanjani na wazazi wao. Mwanangu alikuwa mmoja wao.

Mume wangu akanibana jikoni. "Enda umuelezee daktari ni custom yetu. Kijana ako fit! Utam-bench juu ya jokes?"

Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni. Alisema alinitania tu, kama siku zote, na kwamba pale hemani mimi peke yangu ndimi niliyejua hivyo. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Nilimwonea huruma hadi nikachukua funguo za gari. Desturi ni ya kweli, na yeye ni mtoto mzuri, hakuwahi kuniomba kikubwa.

Nilipofika mlangoni nikamuuliza, "Na chai je? Ile nayo ilikuwa utani?"

"What tea?" akasema.

Nikamwambia aketi. Nikawasimulia wote wawili: Jumamosi ile, tangawizi, kikombe, kichwa mezani. Mume wangu aliondoka pale jikoni, na baadaye nilimwona nje akibandua bendera kwenye gari. Mwanangu alibaki ametazama viganja vyake.

"I'm not playing," akasema mwishowe. Kisha akanigeukia. "And Mom, please don't call me that anymore."

Mechi ya mwisho tuliingia naye uwanjani akiwa amevaa shati na tai, kichwa wazi, uso wake wote ukionekana. Nililia, wazazi wenzangu wakadhani ni furaha, na kwa kiasi fulani ilikuwa. Timu ilifungwa kama kawaida.

Nimetimiza alichoomba. Sijamwita kaka tena, namwita kwa jina lake. Lakini jina lenyewe ni lile lile, na kila nikiliita kutoka jikoni, kabla hajaitika, nasubiri nikiwa nimeshika meza.