Bunduki Isiyopiga Teke

Mimi ni askari wa wanyamapori, lakini teke la bunduki begani ninapofyatua naliogopa kuliko nyati mwenyewe. Nyati alipomjeruhi mkulima kule kijiji cha Gulwe, nilimsihi mkuu wangu, Mbeleje: "Afande, nipe bunduki yenye risasi isiyopiga teke sana. Bega langu bovu."

Bega lilikuwa zima kabisa.

Akanipa, akasema, "Hii inatosha, ila umlenge moyo. Nitakuwa nyuma yako."

Tulipofika shambani, nyati akatokea kwenye mtama, hatua ishirini tu. Nikafumba macho, nikavuta. Mlio ukapasua masikio, nikaanguka chali nikilia, "Bega langu! Limevunjika!"

Nilipofumbua macho, nyati alikuwa chini. Mbele ya wanakijiji, Afande akaikagua bunduki yangu.

"Hii hata kufuli ya usalama haijafunguliwa," alisema. "Aliyepiga ni mimi."