Mjane Aliyetajwa Bila Jina

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msidhani nilikuwa mkorofi tu. Mjukuu wangu ni mshauri nasaha hapa Kilwa Masoko. Huketi na wajane kwa kikundi, kila mmoja akatoa lililo moyoni. Siku moja alikuwa akiandika ombi la kuendesha kipindi kwenye mkutano mkubwa wa washauri wenzake. Furaha yake ilinitia shaka.

"Nisomee ulichoandika."

"Bibi, majina nimeyaondoa yote."

"Wewe soma."

Akasoma habari za mjane anayekaanga mihogo stendi ya Nangurukuru, aliyemaliza eda bila kutoa chozi kwa kuwa marehemu alikuwa akimpiga.

"Huyo hata makondakta wanamjua," nikamwambia. "Anaishi kwa wakwe zake. Wakisikia, atalala wapi? Umemuuliza?"

Akainama. "Mwisho wa kutuma ni leo, bibi."

"Basi futa leo."

Akafuta, akaeleza tu namna anavyoendesha kikundi, akatuma amenuna. Nikawaita wote wa nyumbani nikawaamuru: hakuna kupeleka habari ya mtu popote kabla ya kwenda kumwomba ruhusa mwenyewe, uso kwa uso.