Vipuri vya Mshale

Kwenye kundi la simu wenzake walimwita Mshale, na jina hilo alijipa mwenyewe. Hebu fikiria, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, karani wa masjala, kazi yake kutoa faili kwenye rafu na kulirudisha palepale, anajiita Mshale! Ofisini alipanda ngazi kwa kushika ukuta. Lakini jioni akishika simu, wee, utadhani si yeye. Kundi lile lilikuwa la wanaume themanini wapenda magari ya mbio, kutwa wakipiga soga za injini na kona, na kwa kutia chumvi Mshale hakukubali kupitwa na mtu.

Miaka sita alinunua vipuri. Ekzosi ya kunguruma, springi za kushusha gari, rimu pana, kiti cha mbio chenye mikanda minne, na juu ya vyote turbo mpya, ile ya kuiongezea injini nguvu, iliyokuja na sanduku lake. Vyote hivyo vilijazana kwenye chumba cha chini, chumba pekee cha kulala katika nyumba ile ambacho hukipandii ngazi. Gari lenyewe alikwisha kuliuza mwaka uliopita, akatangaza kwenye kundi kwamba anastaafu mbio. Eti anastaafu! Watu wakammiminia pole na pongezi, naye akajibu kwa unyenyekevu kwamba mgongo umechoshwa na kona.

Basi mama yake akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Baada ya wiki tatu hospitalini, daktari akasema Jumamosi anatoka, atakuwa kwenye kiti cha magurudumu na ngazi asizisogelee kabisa. Mke wa Mshale alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mwanamke asiyerudia neno mara tatu. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha chini akaviangalia vile vyuma.

"Baba watoto, mama atalala humu. Jumamosi saa sita mchana nataka kuiona sakafu."

"Si natafuta wateja?"

"Wamekuja wanne, wote umewafukuza."

Ni kweli aliwafukuza. Wa kwanza aligonga rimu kwa kidole kama anayechagua sufuria, Mshale akamwambia haziuzwi kwa watu wasiojua wanachokishika. Wa pili alikuwa kinyozi, alitaka kiti cha mbio akakalishe wateja wake. "Kinyozi!" Mshale alifoka hadi jirani akachungulia. "Kiti cha mbio, watu wakatiwe nywele juu yake?" Wa tatu aliuliza kama ekzosi ile inaweza kufungwa kwenye pikipiki yake ya kubebea maziwa, na huyo hakujibiwa hata kidogo. Wa nne hakuwa mjinga. Aliigeuza turbo mara mbili, akauliza imekimbia kwenye mbio zipi. Mshale akasema ana kikao, akamfungia mlango.

Maana ukweli ni huu: turbo ile haikukimbia popote. Haikuwahi kufungwa kwenye gari lolote, wala ile ekzosi, wala zile springi. Mara moja tu Mshale alifika kwenye uwanja wa mazoezi, akaketi ndani ya gari lake, akaona wenzake wanavyopita kwa kasi, akageuza gari, akarudi nyumbani polepole akiwa amewasha taa za hatari. Tangu siku hiyo akawa bingwa wa simu.

Na wakati wa kuuza ulipofika, akafanya jambo ambalo mwenye akili timamu hawezi kulifanya. Wauzaji wengine husugua kikuukuu kionekane kipya. Yeye aliiomba gereji oili chafu kwenye kopo, akaipaka turbo mpya kwa brashi, kisha akaibabua mdomo kwenye moto wa jiko. Mkewe alimkuta jikoni, moshi umetanda, akamtazama, akafungua dirisha, akaondoka. Ndani ya lile kundi, anayeuza kipuri kipya huonekana hajawahi kukimbia, na Mshale aliona bora chombo kiharibike kuliko jina. Kisha akaandika: "Turbo imetumika misimu miwili. Mwoga asipige simu." Loo, na mwandishi mwenyewe!

Jumamosi asubuhi akaja fundi mwanamke aliyeitwa Dada Spana, na ovaroli lake na pikapu. Huyu gereji yake ilijulikana, na nusu ya wanaume wa lile kundi walikuwa wateja wake. Hakupoteza muda. Alifuta turbo kwa kitambaa, akaimulika kwa tochi, kisha akacheka peke yake.

"Kaka, umesema misimu miwili?"

"Miwili kamili. Uliza kundi zima."

Akachomeka ncha ya bisibisi kwenye tundu la kuingizia oili, akabandua kifuniko kidogo cha plastiki cha njano, akakiweka kwenye kiganja chake.

"Hiki huwekwa kiwandani. Kilikuwa kimeziba hapa misimu yote miwili. Oili ilipitia wapi?"

Mshale akaanza kuzipanga rimu upya.

"Mimi sina shida," fundi akasema. "Uchafu huu nitausafisha. Kama ni mpya, nabeba chumba chote saa hii, mpaka hizo rimu. Lakini wanunuzi wangu ni haohao wenzako, na wewe umeshawaandikia imetumika. Nikisema ni mpya wataniona tapeli. Andika wewe mwenyewe kwamba haijawahi kufungwa. Usipoandika, naondoka mikono mitupu."

"Dada, mambo ya kundi yaache, tuelewane sisi wawili."

"Hatuelewani bila hilo."

Teksi ikapiga honi nje. Mkewe akaingia uani akisukuma kiti cha magurudumu, na mama mtu ameketi juu yake, amekonda, kakunja uso kwa maumivu. Fundi akamwamkia, mama akaitikia, akachungulia ndani ya chumba kile alichoambiwa ni chake. Hapakuwa na pa kupitisha hata fagio.

"Vya nani hivi?"

"Vya mbio zangu, mama," Mshale akasema kwa sauti ya chini.

"Mbio zipi? Wewe ukiendesha mimi nasinzia. Siku ile tulipitwa na trekta."

Fundi akageuka ukutani, mabega yakimcheza. Mkewe hakucheka. Alimfunika mama mkwe miguu kwa kanga, akamtazama mumewe kama anavyomtazama mtoto aliyeficha chaki.

Mshale akaona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. Jua lilikuwa kali, mama yake ameshika nyonga, naye amesimama anabembeleza jina la kwenye simu! Akaitoa simu, akaandika: "Turbo ni mpya. Vipuri vyote ni vipya. Sijawahi kukimbia." Akatuma, akafumba macho akingoja themanini wamcheke.

Kundi likanyamaza. Fundi na dereva wa teksi wakaanza kutoa rimu. Ekzosi ikatoka, springi zikatoka, sakafu ikaanza kuonekana. Ndipo simu ikalia, ujumbe umeingia, si kwenye kundi, bali pembeni, kwake peke yake. Alikuwa mwenyekiti wa kundi, yule aliyejigamba kwamba kona za uwanja zinamjua.

"Kaka, huyo fundi bado yupo? Mimi nina turbo mbili, bado zina vifuniko vya njano. Usimwambie mtu."

Ikalia tena, na tena. Hadi kiti cha mbio kinapakiwa, walioandika walikuwa wamefika tisa, wote wanaomba namba ya fundi, wote wanamalizia na usimwambie mtu.

"Waongo wakubwa!" Mshale akafoka. "Miaka yote hii wananidanganya!"

"Wamekudanganya wewe?" mkewe akauliza. Mshale akairudisha simu mfukoni.

Chumba kilikuwa kitupu. Akakishika kiti cha mama yake, akaanza kukisukuma kuelekea mlangoni, hatua moja, akasimama kuangalia gurudumu la kushoto, hatua nyingine, akasimama kuangalia la kulia.

"Sukuma, baba," mama yake akasema. "Au na hiki nacho unakiogopa?"