Nei Botika anachimba kwa upande

Saa kumi na mbili asubuhi, bahari ikiwa imekupwa, Nei (yaani Bi) Botika Tererei anapiga magoti kando ya bomba jembamba lililochomoza mchangani. Anateremsha waya mita tatu, anasoma kifaa cha kupima chumvi: 1,900. Anateremsha hadi mita sita: 4,100. Yakizidi 2,500, maji hayanyweki.

"Juu panapona. Chini bado," anasema bila kuinua kichwa.

Ana miaka hamsini na minane, mjane, mlinzi wa maji wa kijiji hiki cha kisiwa cha Nonouti kwa dola arobaini kila wiki mbili. Wanawe wako Tarawa, kisiwa cha mji mkuu. Tangu Februari, siku nne zinaweza kupita bila mtu kubisha hodi kwake.

Februari ndipo mawimbi yalipovuka barabara na kujaa kwenye mashimo ya babai, magimbi ya karamu. Hapa maji ya mvua huzama katika mchanga wa matumbawe na kuelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi, huku yakitambaa polepole kuelekea ufukweni. Safari hii bahari iliingilia juu.

"Chumvi ikiwa chini, imetulia," anaeleza. "Ikiwa juu haikai. Inashuka vidole vidole, inatoboa yale matamu."

Siku hiyohiyo alifunga pampu ya sola ya kisima, isije ikavuta chumvi. Kaya thelathini na mbili zikabaki na ndoo mbili kila moja kwa siku, za kuchota kwa mkono. Wifi yake, Nei Katiua, humpita kisimani bila salamu. Mara ya mwisho alimwambia, "Wifi, mume wako siku hizi ni hilo bomba? Basi likupikie."

Jumamosi, wiki tatu zilizopita, kwenye maneaba, ukumbi wa kijiji, wazee walitaka kisima kiongezwe kina.

"Mwanangu, maji yakipungua unachimba," alisema Ten (Bwana) Teitia, mkubwa wao. "Ndivyo walivyofanya baba zetu."

"Hayajapungua, mzee. Tabaka la maji matamu limekuwa jembamba. Mita moja zaidi mtaifikia chumvi."

"Umeiona?"

"Nimeipima."

"Huyu hata chai yake anaipima," mtu akadakia nyuma, watu wakacheka.

Nei Botika hakucheka. Mwaka 2017 yeye mwenyewe alikubali kisima cha kaskazini kichimbwe zaidi. "Kamba niliishika mimi," anasema. Leo maji yake ni ya kuogeshea nguruwe.

Anachotaka ni mtaro wa kina kifupi, wenye urefu wa mita thelathini, utakamolazwa bomba lenye matundu ili likwangue maji ya juu tu. Wazee walimpa hadi mwisho wa Agosti; ukishindikana, kisima kitachimbwa zaidi. Hakuna aliyejitolea koleo.

Amechimba mita tisa. Zimebaki ishirini na moja, na wiki sita. Peke yake humaliza nusu mita kwa siku. Kwa siku sita za kazi kila wiki, atachelewa kwa wiki nzima.

Kijijini hapa hakuna anayeshika koleo Jumapili. Hata nyavu huanikwa Jumamosi.

Nei Botika ameshapiga hesabu hiyo. "Nikiziweka Jumapili zote sita, inatimia siku ileile," anasema. "Watapita wakienda kanisani, wataniona. Wakirudi wataniona tena."

Ya kwanza ni keshokutwa.