Friji ya Gesi Tuliyoitoa Thika

Mtoto wetu alipolazwa hospitalini Thika, mimi nililala siku kumi na saba ndani ya gari.

Si gari la kuonewa huruma. Lilikuwa na kitanda, jiko, sinki na friji. Mume wangu alilinunua likiwa van kuukuu ya kusambaza mikate, akalikata madirisha na kulipigia mbao ndani yeye mwenyewe, nyuma ya nyumba tuliyopanga Gitothua. Mwaka wa kwanza lilinuka mkate kila jua lilipowaka. Tulilikodisha kwa familia zinazotaka kwenda Naivasha au Nanyuki na kulala huko huko walikofika. Majirani waliliita nyumba ya kutembea. Mume wangu ni mtu wa magharibi, mimi ni wa hapa hapa Kiambu, kwa hivyo nyumbani tunaongea Kiswahili, na tukichoka hata hicho hatukiongei sana.

Mimba ilikuwa ya miezi saba. Walipomtoa walimweka kwenye inkubeta katika wodi ya wachanga, ile wanayoiita nasari. Mguuni alikuwa na plasta iliyoandikwa "Baby" na jina langu. Mimi niliruhusiwa kwenda nyumbani siku ya tatu, yeye akabaki. Sister wa wodi aliniambia maziwa yangu yanahitajika kila baada ya saa tatu, na yanayozidi niyagandishe, kwa sababu mama akiwa na wasiwasi maziwa yanaweza kukauka bila kumpa habari. Kutoka Gitothua hadi Thika na kurudi kila saa tatu haingewezekana. Jioni hiyo mume wangu alileta gari, akaomba nafasi kwenye uwanja wa kanisa lililo karibu na hospitali, akaliegesha hapo.

Friji yake ilikuwa ya gesi. Haina injini. Kuna moto mdogo nyuma, kimya kabisa, na huo moto ndio unaoleta baridi. Sijawahi kuelewa unafanyaje. Ninachojua ni kwamba gari likiinama, hata kidogo, friji inaacha kugandisha, na ikiendelea kuwaka hivyo inajiharibu yenyewe. Uwanja wa kanisa ulikuwa na mteremko. Mume wangu alipiga magoti na pima maji yake, akaweka vipande vya mbao chini ya magurudumu ya upande mmoja, akaingia ndani kuangalia, akatoka, akaongeza kipande kingine. Alifanya hivyo karibu saa nzima. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, mshono unaniuma, nikimtazama bila wazo lolote kichwani.

Basi nikawa nakamua kila saa tatu. Naandika siku na saa kwenye plasta, nabandika kwenye chupa, napeleka. Mtoto alikuwa anapewa kama kijiko kimoja, kwa mpira mwembamba uliopitia puani. Mimi nilikuwa natoa mengi kuliko hayo, na yaliyozidi yaliingia kwenye kisanduku cha barafu kilicho juu ndani ya friji. Sister aliniambia, "Uko vizuri mama, huyu hatakosa." Niliamini, kwa sababu hilo lilikuwa jambo moja nililoweza kuliona kwa macho.

Siku ya ishirini, saa nne asubuhi, Sister alinikuta nikinawa mikono mlangoni mwa nasari. Akasema, "Mama, usivae gauni kwanza. Njoo tukae."

Nilimaliza kunawa. Nakumbuka nilijikausha vizuri, kidole baada ya kidole.

Tulimzika Murera, kwenye kiploti chetu ambacho bado hatujajenga. Maziwa yaliendelea kuja kwa siku tisa hivi, halafu yakaacha. Nikarudi kazini, maana mimi hushona sare za shule kwenye duka moja Ruiru. Watu waliniambia pole, nikasema asante. Nilikula nikipewa chakula. Huzuni niliyokuwa nikiingoja haikuja. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, ambao ukikanyaga hujui kama umefika chini.

Gari lilikaa nyuma ya nyumba zaidi ya miezi miwili. Hatukulitaja. Halafu mama mmoja akapiga simu akitaka kulikodisha shule zikifungwa, na mume wangu akamkubalia kabla ya kuniuliza. Sikujali. Kesho yake alisimama mlangoni mwa jikoni.

"Friji ya gari inanuka," akasema.

"Inanuka aje?"

"Kama ile dawa yenu ya kulainisha nywele."

Nilienda nikachungulia. Harufu ilichoma macho hata kabla ya kupanda ngazi. Sikuingia. Alimpigia fundi wa friji aliye Thika, akaweka simu kwenye spika. Fundi akamwambia azime gesi mara moja na afungue milango yote. Kisha akamuuliza friji imewaka muda gani bila kuzimwa.

"Miezi miwili na kitu," mume wangu akajibu.

Nilisikia. Friji ya gari lisilotumiwa na mtu. Sikumuuliza kwa nini, naye hakueleza.

Tulienda siku hiyo hiyo, vioo vikiwa wazi. Juja wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wanavuka barabara na magodoro vichwani, muhula wao unaanza. Tulipoingia Thika tulipita lango la hospitali. Yeye alitazama mbele. Mimi nilimtazama mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi hapo nje, nikaona amebadilisha mwavuli. Sikusikia kitu moyoni, na nilijishangaa kidogo, halafu hata huko kujishangaa kukapita.

Fundi alikuwa mzee mrefu, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Uwanja wake ulijaa friji zilizokufa, milango imeegemezwa ukutani, na redio ilikuwa ikihubiri kwa Kikuyu. Alifungua kifuniko cha ubavuni mwa gari, akamulika tochi ndani, akamwita mume wangu.

"Unaona huo unga wa njano kwa bomba? Hiyo ni kuvuja. Hii haichomelewi. Ni ya kutupa tu. Mlikuwa mmeiegesha mahali imelala upande?"

"Nyuma ya nyumba kuna mteremko kidogo," mume wangu akasema. "Nilidhani nimeisawazisha."

"Mbao huzama. Mvua ikinyesha zinazama."

Mume wangu akasema, "Niwekee ya kompresa. Ya betri. Ile haijali mteremko."

Fundi alikuwa nayo moja, ilitoka kwenye gari lingine lililogongwa. Akaeleza kwamba ataziba bomba la gesi na kuvuta waya mnene zaidi kutoka kwa betri, na kwamba mpya ni nyembamba kuliko ya zamani, kwa hivyo kutabaki pengo la vidole vinne la kuzibwa kwa mbao. Kisha akanigeukia.

"Mum, hebu toa vitu zenu ndani tuanze."

Nilipanda nikaifungua. Chini kulikuwa na chupa ya maji nusu na tyubu ya marhamu. Juu, kwenye kisanduku cha barafu, chupa zangu zilikuwa zimepangwa safu mbili, plasta zikitazama mbele, na mwandiko wangu juu yake. Sikuzipanga hivyo mimi. Mimi nilikuwa nazisukuma tu.

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye ngazi.

"Nilidhani ulizimwaga," nikasema.

"Nilidhani unazitaka."

"Wewe ndiye ulikuwa unabadilisha mtungi wa gesi?"

"Mara tatu," akasema. "Ningefanyaje? Ningezima, halafu siku moja uende kuziangalia upate zimeharibika?"

Sikuwa nimeziwaza hata siku moja. Sikumwambia hivyo. Nilizitia kwenye beseni moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimeanza kulainika, maji kwa pembeni na barafu katikati. Fundi alichungulia beseni akatabasamu.

"Hizo zitaharibika na hili jua. Niko na friza hapo ndani inafanya, niwawekee hadi mkimaliza. Mtoto ako na miezi mingapi?"

"Hayuko," nikasema.

Hakuelewa mara moja. Alimtazama mume wangu, kisha akaangalia tena plasta. Akaenda akazima redio, akarudi na stuli, akaiweka kivulini karibu nami. Akachukua bisibisi na kuingia ndani ya gari.

Mume wangu alichuchumaa kando ya beseni. "Tunaweza kupitia Murera," akasema polepole. "Tukirudi. Tuzimwage pale."

"Hapana."

"Basi?"

"Hapa tu. Kuna mfereji."

Nilifungua chupa ya kwanza nikaimwaga kwenye sinki la saruji lililokuwa ukutani. Kipande cha barafu kilikwama shingoni mwa chupa, ikabidi nikigonge. Nilimwaga tatu au nne, vidole vikafa kwa baridi. Yeye akachukua chupa mkononi mwangu, akaendelea. Alikuwa anasoma kila plasta kabla ya kumwaga, midomo ikitikisika. Moja alikaa nayo kwa muda mrefu. Alipomaliza aliacha maji ya mfereji yakimbie mpaka sinki likawa safi kabisa, kisha akajifuta uso na mkono wa shati. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli. Nilitaka kuinuka nikamshike bega. Sikuinuka.

Fundi na mume wangu walitoa ile friji ya zamani kwa mlango wa nyuma, wakailaza kati ya zile zingine. Mpya ilipoingia na kuunganishwa ilianza kunguruma. Fundi akaweka chupa ya maji ndani, akatuambia tungoje saa moja. Tulingoja. Mke wake alituletea chai na viazi vitamu, nikala viwili. Tulipoifungua, maji yalikuwa baridi.

Njiani kurudi, baada ya Juja, nilimwambia mume wangu, "Ungeniambia."

"Wewe pia ungeniuliza," akasema. Hakuwa na hasira. Baada ya hapo tulizungumza kidogo kuhusu mbao ya kuziba pengo, kama ipakwe rangi au vanishi.

Yule mama aliyekodisha aliondoka na gari Ijumaa, na watoto wake watatu. Walirudi Jumapili jioni wamechomwa na jua. Akamwambia mume wangu kila kitu kilikuwa sawa, ila friji iligandisha nyanya zote zikawa kama mawe. Walicheka, na nilisikia kicheko cha mume wangu kikiwa cha kweli.

Mimi niliingia ndani kusafisha. Kulikuwa na makombo ya biskuti kitandani na soksi moja ndogo chini ya meza. Nilimkimbilia mama yule na ile soksi kabla hajaondoka, kisha nikarudi nikapiga sakafu deki. Mume wangu akasimama mlangoni na simu mkononi.

"Kuna mwingine anaitaka mwezi ujao," akasema. "Nimwambie nini?"

Nilikamua kitambaa nikakitundika.

"Mwambie iko," nikasema. "Lakini asizungushe ile swichi ya baridi mpaka mwisho."