Aliyetuonjea Chumvi

Mwezi uliopita, kwenye mazishi, kijana aliyekuwa akipanga viti aliniuliza kwa heshima, "Mama, wewe uko nani wa marehemu?" Nikamjibu, "Rafiki." Akanionyesha kiti cha nyuma. Hakukosea. Nilimpa neno lililokuwa karibu.

Bibi yangu asingelikubali. Alikuwa mshonaji pale Biryogo, mjini Kigali, na Kiswahili alikipata kwa baba yake, mfanyabiashara aliyetoka pwani. Kwake neno moja halikutosha watu wote. Rafiki alikuwa yule wa kuletewa chai barazani, mkaulizana habari za watoto, akaenda zake. Wenzake walikuwa washonaji waliokaa naye kando ya barabara, na akianza na "Mwenzangu", ujue yanafuata malalamiko: uzi umekatika, au mteja amenenepa na lawama zinaangukia gauni. Muuza vitambaa alikuwa "sahibu" siku anazoleta vitenge vipya. Siku nyingine alikuwa "yule mzee". Na mwandani? Huyo, bibi alisema, ni yule anayeingia jikoni na kufunua sufuria bila kuuliza. Alikuwa naye mmoja tu: jirani yetu, mama Mkatoliki aliyelelewa Burundi, ambaye akifika hakubisha hodi wala hakukaa barazani.

Nami nilitaka mwandani wangu, na nilishamchagua. Alikuwa binti wa huyo jirani, tulisoma darasa moja. Shida ni kwamba kwetu mtoto kuchungulia sufuria ya watu ni aibu kubwa. Nilipomweleza maneno ya bibi, aliniuliza, "Na akinifukuza, tutachezea wapi?" Nyumba yetu ndiyo pekee iliyokuwa na ua.

Ilikuwa alasiri ya Ramadhani. Unaijua saa ile, njaa imeshazoea tumbo na harufu zote zinakuja zenyewe. Ndizi na nyama zilikuwa juu ya imbabura, mkaa ukitoa cheche, cherehani zikikimbia barazani. Yule binti akaingia na sare yake ya shule, akanipita kama hanijui, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria na kuinua kifuniko.

Bibi alikuwa nyuma ya mlango, anamenya vitunguu.

"We mtoto. Wewe nani hapa kwetu?"

"Mimi iko mwandani, bibi."

"Nani kakupa cheo hicho?"

Akaninyooshea kidevu. Nikatazama miguu yangu.

Mvuke ulipanda kati yao. Bibi akachukua mwiko, akachota mchuzi, akaupuliza na kumdondoshea kiganjani.

"Basi fanya kazi. Sisi tumefunga, hakuna wa kuonja. Chumvi ikoje?"

Akalamba. Akafumba macho, akalamba tena.

"Chumvi haiko, bibi."

"Hata kidogo?"

"Iko maji ya moto na ndizi."

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa ameisahau kabisa. "Wageni wangu wangekula hivihivi na kunishukuru," akasema. "Kesho njoo mapema."

Akaja kesho yake, na mwezi mzima. Akitoka shule alinawa mikono, akaonja, akatoa hukumu bila kumwonea mtu haya, kisha akaenda kwao kula chakula cha kawaida. Magharibi, tulipokaa kwenye mkeka kufuturu, mjomba alionja na kusema, "Yule Mkatoliki wetu leo kaipatia."

Tulikua, tukaolewa. Yeye alipata kazi ya usafi katika ofisi za Kacyiru, lakini kila Ramadhani alishuka kwenye pikipiki mbele ya mlango wangu akiwa bado na vazi la kazi, akaenda jikoni kabla ya kunisalimia. Nyumba ya bibi haipo tena. Barabara imepakwa rangi, na vijana wanakunywa chai pale zilipokaa cherehani. Inapendeza, sisemi vibaya.

Ramadhani hii, kabla ya mazishi yale, alikuwa tayari mgonjwa kitandani. Nilipika mwenyewe, nikaalika watu, wakakaa sebuleni. Adhana ilipolia nikatia tonge mdomoni: chumvi hakuna hata chembe. Nikawatazama. Walikula yote, wakanisifu sana mikono yangu, na mmoja akaomba kuongezewa.