Ukucha Ulioachwa Bila Hina

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa na fangasi kwenye ukucha wa kidole gumba cha mguu. Ukucha mnene, wa njano, unamong'onyoka kama mkate mkavu. Miaka yote aliufunika kwa hina. Rangi ya kucha hakuitaka, maana inazuia maji ya udhu. Hina haizuii, basi akajiona yuko salama kote.

Dada wa duka la dawa hapa Temeke akampa dawa ya maji ya kupaka. "Kila jioni ukishaoga, kausha mguu, sugua ukucha kwa tupa ya kucha, ndiyo upake. Na hina uiache, mama. Tutajuaje kama unapona?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka ukucha mpya uje wote. Miezi mingi hiyo. Ukikatisha, unaanza moja."

Mie nilidhani atachoka. Labda nilimpima kwa kipimo changu. Dawa ya kikohozi tu huwa siimalizi. Lakini kila jioni nikitoka sokoni namkuta barazani, mguu juu ya kigoda, anasugua.

Ndipo ikafika harusi ya binti yake. Siku ya hina nyumba ilijaa wanawake, miguu peku mkekani. Mpakaji akamshika mguu. "Haya, mama mwali, lete!"

"Paka kote. Ukucha huu ruka."

Nikamnong'oneza, "Wifi, si siku moja tu?"

Shangazi wa bwana harusi akachungulia. "Makubwa! Huo ukucha au kobe?"

Watu wakaangua kicheko. Mie ndiye niliyeona haya. Yeye akauleta mguu mbele zaidi. "Kobe, shoga. Anakwenda polepole. Hebu mtazame huku nyuma, keshaanza kutoa shingo."

Tukainama. Kweli, pale unapoanzia kwenye ngozi, kilichomoza kijisehemu chembamba, safi, laini kama ukucha wa mtoto. Shangazi, sitaki kumsema vibaya, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Sijui kama hina ingeharibu dawa. Dada wa dukani hakusema hivyo, alisema itaficha tu. Pengine ushauri wangu haukuwa mbaya sana. Ila jioni, ngoma ingali inalia, nilimkosa wifi pale kwenye shughuli. Nikamkuta uani, wali wake umepoa pembeni, mguu juu ya kigoda, tupa mkononi.

"Nishikie kichupa, wifi," akasema.

Nikakishika.